Oili Nzito

Doha hakuna gari linalogoma kuwaka kwa sababu ya baridi. Kule gari linakufa kwa joto. Betri inavimba, mipira ya rejeta inapasuka, na fundi asiyejua kazi anaunguza viganja kabla hajafungua boliti ya pili. Mimi nilikaa katika joto hilo miaka tisa na sikuungua, kwa sababu nilijua ninachofanya. Nalisema hilo mwanzoni ili anayesoma asidhani kwamba haya yalimtokea mtu mjinga.

Mimi ni mzaliwa wa Makete. Baba yangu alikuwa mpasua mbao kwa msumeno wa mikono, na hakuniachia kitu ila mabega. Ada ya sekondari nilijilipia mwenyewe kwa kubeba magunia ya viazi. Ada ya chuo cha ufundi Mbeya niliipata nikiwa nimelala chali chini ya malori ya watu. Nikachukua diploma ya ufundi wa magari, wa kwanza katika kata yetu, na cheti hicho nilipanda nacho ndege kikiwa kifuani ndani ya shati, si kwenye begi. Leo nina gereji Makambako yenye mashimo mawili na mashine ya kunyanyulia magari. Nina nyumba ya vigae na mafundi sita walio chini yangu. Hakuna mjomba aliyenishika mkono. Waliosoma na mimi wengine bado wanaomba spana.

Doha niliajiriwa na jumba la ukoo mmoja mkubwa. Sikuwa fundi wa mtaani, nilikuwa fundi wa nyumba. Magari kumi na moja yalikuwa yangu kuyatunza, na nyuma ya jumba, karibu na vyumba vya wafanyakazi, nilijengewa kibanda cha mabati chenye feni na meza ya vyuma. Katika jumba zima mwenye diploma nilikuwa mimi peke yangu, na hata mudiri, yaani msimamizi wa mambo yote ya jumba, aliniita muhandisi.

Nilikuwa na desturi moja ambayo mafundi wengi wa Doha wanayo, ila mimi niliifanya vizuri zaidi. Kila nikimaliza sevisi, nilibandika stika kwenye ukingo wa mlango wa dereva. Ilionyesha kilomita, aina ya oili na sahihi ya fundi. Wenzangu walitumia stika za bure za maduka ya oili. Mimi nilichapisha zangu huko Al Sadd, kwenye duka la kopi, na chini ya mahali pa sahihi niliandikisha neno Diploma. Dereva akifungua mlango, anajua gari lake limeshikwa na nani.

Madereva walikuwa watano, na kati yao mmoja alikuwa wa nyumbani, mtu wa Pangani. Alikuwa mwembamba, msafi, mpole wa mikono. Akiendesha, kikombe cha chai kilichojaa kingeweza kukaa juu ya dashibodi bila kumwagika. Ijumaa yeye alikwenda msikitini na mimi nilikwenda Mesaimeer kanisani, na mchana tulikutana chumbani kwake kula pilau aliyokuwa amekwisha kuipika alfajiri. Aliniita fundi mbele za watu, na tukiwa wawili aliniita Mkinga, kwa kabila langu. Baridi aliyoijua maishani mwake ilikuwa ya kiyoyozi, na hata hiyo aliifunga kwa kanga ya mkewe akilala.

Mwaka wangu wa tano, bwana wa jumba aliamua kwenda kuwinda na vipanga wake katika nyika za Asia ya Kati, majira ya baridi. Wenye uwezo wa Ghuba hufanya hivyo. Vipanga hupanda ndege wakiwa wamefunikwa macho, na magari hupanda ndege nyingine ya mizigo. Magari yaliyochaguliwa yalikuwa matatu. Mawili yalikuwa mapya, yametoka kwa wakala juzi, na oili ya kiwandani ilikuwa bado ndani. La tatu lilikuwa gari kuukuu la kazi, la kubebea mahema, vyakula na matundu ya njiwa wa kulishia vipanga. Hilo lilikuwa la mtu wa Pangani, na kuliandaa ilikuwa juu yangu.

Nililiandaa kwa heshima. Nilibadilisha plagi na mkanda wa feni. Nilimwaga maji yote ya rejeta nikaweka ya rangi, yale yasiyoganda, nusu kwa nusu, kwa sababu kwetu Makete nimeona kwa macho yangu maji yakiganda na kupasua rejeta ya lori la mbao. Lile gari lilikwenda na kurudi na rejeta yake haikutoa hata tone. Kilichobaki kilikuwa oili.

Kwenye kopo la oili huandikwa namba mbili. Ya kwanza inaeleza oili itakuwaje kukiwa na baridi: kadiri inavyokuwa ndogo, ndivyo oili inavyotiririka upesi. Ya pili inaeleza itastahimili vipi joto. Doha tuliitazama ya pili tu. Tulisema oili ya hamsini, basi. Namba ya kwanza, ile ishirini iliyotangulia, hakuna aliyeitamka.

Mimi na dereva tulilipeleka gari Sanaiya, mtaa wa magereji, kununua oili. Pembeni ya duka alikuwepo fundi mzee, Mpathani wa milima ya kaskazini ya Pakistani, mwenye ndevu zilizopakwa hina. Tulizungumza Kiarabu kile cha wageni, kilichovunjikavunjika, ambacho Doha nzima inakielewa.

“Muhandisi, gari linakwenda wapi na mahema yote haya?”

“Asia ya Kati. Kuwinda.”

“Mwezi huu?”

“Mwezi huu huu.”

Alilitazama kopo nililoshika. “Basi lirudishe. Chukua inayoanza na sifuri. Ukikosa, inayoanza na tano. Hiyo yako huko inakuwa kama asali. Stata haitaizungusha.”

“Mzee, mimi nimezaliwa kwenye baridi. Kwetu maji yanaganda kwenye ndoo.”

“Kwenye ndoo,” alisema polepole. “Kwetu yanaganda mtoni, na lori la kuni linapita juu yake.”

Mtu wa Pangani akapasuka kicheko. “Hapo umepatikana, fundi! Wewe na ndoo, mwenzio na mto!”

“Nyamaza wewe. Baridi unaijulia wapi?”

“Siijui. Ndiyo maana nauliza. Atakayelala na hilo gari ni mimi, bwana, si wewe wala si huyu babu.”

Mzee hakucheka. Aliingiza mkono dirishani, akafungua kisanduku cha dashibodi, akatoa kitabu cha gari ambacho hakijawahi kufunuliwa tangu kitoke kiwandani. “Humu kuna ukurasa wenye michirizi. Baridi kiasi hiki, oili hii. Mimi sijui kusoma, nilionyeshwa tu. Wewe unajua. Soma.”

Nakumbuka jinsi watu wa duka walivyonigeukia. Miaka mitatu chuoni, na mtu asiyejua kuandika jina lake ananipa kitabu mbele ya dereva wangu. Nilikirudisha kitabu mahali pake.

“Mzee, mimi hicho kitabu nimekifanyia mtihani,” nilisema, na watu wakacheka upande wangu. Nililipia oili ya hamsini.

Jioni, nikiwa ninaimimina, dereva alichutama karibu na tairi.

“Fundi, yule babu asije akawa anasema kweli.”

“Sikiliza. Kwetu Makete malori yote yanatumia oili hii hii. Asubuhi kukiwa na sakitu, nyasi nyeupe kama zimemwagiwa chumvi, unachukua jiko la mkaa lililokolea, unalisukuma chini ya sampu, pale chini oili inapokaa. Robo saa, lori linawaka. Sijaona lililokataa.”

“Na mkaa nikikosa?”

“Kuni. Vyovyote vinavyowaka. Chini ya sampu, si chini ya tangi, usije ukajilipua ukaniletea kesi.”

Akarudia kama mwanafunzi: “Chini ya sampu, si chini ya tangi. Robo saa.” Halafu akasema, “Haya, Mkinga. Nimekuamini.”

Nilimpa sweta langu la sufi, lililosukwa na mama yangu. Nikabandika stika, nikaitia sahihi. Aliondoka na viatu vya raba vipya na jozi nne za soksi, akinipungia mkono kupitia dirishani kama bwana harusi.

Alinipigia simu mara moja tu kutoka kambini, kwa simu ya bwana, haraka haraka.

“Fundi, huku mate yanaganda kabla hayajafika chini!”

“Gari linawaka?”

“Linawaka kwa kulia. Tunalala karibu karibu, na injini hazizimwi. Bwana ana petroli ya kuchezea.”

Nilifurahi. Nililala vizuri usiku ule, na siku tatu zilizofuata niliwasimulia madereva wengine jinsi gari langu kuukuu lilivyokuwa linapiga kazi katika theluji.

Yaliyotokea aliniambia mwenyewe baadaye, akiwa kitandani hospitali, mjini Doha. Nayaandika kama alivyoyasema.

Siku moja alasiri aliambiwa atangulie na njiwa na vyombo vya chai hadi kwenye kibanda cha wachungaji, mbali kiasi cha kilomita kumi na kitu, ili wawindaji wakifika asubuhi wakute moto. Alifika salama. Kibandani kulikuwa na jiko la chuma na rundo la kuni la kutosha siku mbili kwa mtu mmoja. Alikuwa na mkate, sukari na majani ya chai. Alizima injini, kwa sababu petroli yote ya akiba ilikuwa kambini na geji ilikuwa imeshuka. Akalala.

Asubuhi aliingia garini akapindua ufunguo. Stata ilitoa sauti moja, nzito, kama mtu aliyegongwa tumboni, ikanyamaza. Akajaribu tena na tena mpaka betri ikabaki inatoa tik, tik. Simu yake haikuwa na mawimbi. Na wawindaji hawakuja. Theluji ilikuwa imefunga njia ya upande ule na bwana alikuwa ameamua kuelekea kwingine, akidhani dereva anaota moto kibandani, ana chakula, atafuatwa kesho.

Angekaa kibandani tu, angefuatwa kesho. Lakini alikuwa na somo langu kichwani.

Alibeba kuni za kibandani akazipanga chini ya sampu. Upepo ukazima moto. Akaziba upande mmoja kwa matundu ya njiwa, akawasha tena. Robo saa ikapita, ikapita nyingine. Alipiga magoti na kulala ubavu ili kupuliza, na theluji iliyoyeyuka kwa joto la moto ikawa tope chini yake, ikamwingia kwenye raba na kwenye soksi zote alizovaa. Hakuhisi. Alifikiri miguu imepata joto. Kuni za siku mbili zilikwisha kabla ya adhuhuri. Alipasua matundu akayatia motoni. Njiwa aliowaachia hawakuruka, walijikunyata juu ya theluji palepale. Hata wakati huo, betri ikiwa imekwisha, gari lisingewaka hata oili ingechemka. Lakini hilo yeye hakulijua. Mimi ndiye niliyepaswa kumwambia: usipindue ufunguo kwanza, washa moto kwanza. Sikumwambia, kwa sababu malori ya Makete yalikuwa yanawashwa kwa kusukumwa kwenye mteremko na hatukuwa tukihesabu betri.

Kuni zilipokwisha, kibanda nacho kikaganda. Ndipo akaanza kutembea kurudi kambini na viatu vilivyolowa.

Alikutwa jioni na mchungaji mwenye farasi, akiwa bado anatembea. Alisema alikuwa hasikii maumivu yoyote, alikuwa anasikia tu sauti ya viatu vyake, ko, ko, kama vya mbao.

Nilipoingia wodini aliniona akatabasamu. Miguu yote miwili ilikuwa imefungwa bandeji. Wa kulia ulikuwa mfupi kuliko unavyopaswa kuwa. Walikuwa wamekata vidole vyote na kipande cha wayo. Wa kushoto alibakiwa na vidole vitatu.

“Karibu, Mkinga. Umeniletea viatu?”

Nilikaa.

“Sweta lako lilinisaidia,” alisema. “Kifua hakikupata kitu. Daktari amesema kifua ni cha simba.”

Halafu akanisimulia, taratibu, kama anavyoendesha. Alipofika kwenye kuni alisema, “Nilifanya kama ulivyonifundisha. Chini ya sampu, si chini ya tangi.” Alinitazama. Nilitazama chupa ya maji iliyoning'inia juu yake. Alingoja kidogo, kisha akaendelea.

Dereva ni mguu wa kulia. Hilo hatukuhitaji kuambiana. Lililobaki ni jumba litamtendea nini, na hilo lilitegemea jibu la swali moja: gari lilikataa kwa nini? Kama ubovu ulikuwa wa gari, jumba lingembeba. Mudiri alisema wazi kwamba bwana ni mtu wa dini, angemtibu mpaka apone na kumweka getini afungue mlango, kazi ya kukaa kwenye kiti. Kama kosa lilikuwa la dereva, ni tiketi ya kwenda bila kurudi. Na dereva mmoja aliyekuwa kambini, asiyetaka lawama ya kumwacha mwenzake, alikwisha kusema kwamba mtu wa Pangani alizoea kuacha taa zikiwaka.

Gari lilirudi Doha baada ya wiki tatu. Mudiri alinijia kwenye kibanda changu cha mabati.

“Muhandisi, likague. Niandikie karatasi moja. Wewe ndiye unayejua, mimi nitasaini utakachosema.”

Nilifunga mlango wa kibanda. Nilivuta kijiti cha kupimia oili, na oili ya hamsini ikateleza juu yake vizuri, laini, safi, kwa maana Doha hata wakati huo wa mwaka kulikuwa na joto la kutosha. Nilipindua ufunguo baada ya kuweka betri nyingine. Gari likawaka mara moja, kama halijawahi kumdhuru mtu. Nikafungua kisanduku cha dashibodi. Nikatoa kitabu.

Ukurasa wenye michirizi upo kweli. Kuna mstari wa nyuzi za joto chini, na juu yake vipande vya rangi ya kijivu, kila kimoja na namba za oili yake. Kipande cha oili yangu kilianzia kidogo tu chini ya pale maji yanapoganda, kikaenda kulia kwenye joto mpaka mwisho. Upande wa kushoto, kwenye baridi, hakikuwepo kabisa. Mtoto wa darasa la tatu angeuelewa.

Nilisoma ukurasa ule nimesimama. Kisha nilichemsha maji kwenye birika langu la chai, nikaloweka kitambaa, nikakibandika juu ya stika ya mlangoni mpaka gundi ikalegea. Ilitoka nzima. Kilomita, ishirini hamsini, sahihi yangu, Diploma. Niliikunja nikaitia mfukoni. Nikamwaga oili yote, nikaweka nyingine. Kwenye karatasi ya mudiri niliandika kwa Kiingereza kizuri, mwandiko wa chuo, kwamba gari ni zima na betri iliishiwa nguvu kwa uzembe wa matumizi.

Nimejieleza mara nyingi kwa nini nilifanya hivyo. Nilikuwa na nyumba ambayo haijaezekwa. Nilikuwa na wadogo zangu watatu shuleni, wote juu yangu. Kibali changu cha kukaa kilikuwa mkononi mwa bwana yule yule. Hayo yote ni kweli, na wadogo zangu wote wamesoma. Lakini nikisema ukweli wote, nilipokuwa ninabandua ile stika sikuwa ninawafikiria wao. Nilikuwa ninamfikiria yule mzee wa Sanaiya, na jinsi ambavyo angetikisa kichwa.

Mtu wa Pangani aliondoka Ijumaa. Tulimpeleka uwanja wa ndege kwa gari moja kati ya yale mapya, na mimi ndiye niliyesukuma kiti chake cha magurudumu mpaka mlangoni. Alikuwa amevaa sweta langu juu ya kanzu, katika jua la saa saba.

“Livue, utaungua,” nilimwambia.

“Acha. Ndege ina baridi.” Akanishika mkono, hakuuachia. “Huna la kuniambia, fundi?”

“Safari njema, ndugu yangu. Nitakuja kukuona.”

“Haya,” akasema, akaniachia.

Nilikaa Doha miaka minne zaidi. Nilipandishwa cheo, nikapewa msaidizi, nikaezeka nyumba, nikanunua mashine moja moja za gereji na kuzituma kwa meli. Sikupita tena karibu na lile duka la oili. Nilipofika nyumbani kwa kudumu watu walinipokea kwa ngoma, na mchungaji alinitaja kanisani kama mfano. Nilistahili. Nilifanya kazi, na hakuna anayeweza kunifutia hilo.

Mwaka wa pili tangu nirudi nilikwenda Tanga kuchukua injini bandarini, na nikakodi gari mpaka Pangani. Kumpata hakukuwa kugumu. Uliza mwenye mguu wa theluji, waliniambia, na watoto wakacheka. Nilimkuta barazani kwake, amekaa juu ya kiti cha plastiki, kiatu cha kulia kimejazwa matambara ili kisimame. Mbele ya nyumba ilikuwepo bajaji mpya, bado ina nailoni kwenye viti. Wanawe na shemeji yake walikuwa wamechanga wakamnunulia. Angeendesha mpwa wake. Breki ya bajaji ni ya mguu wa kulia.

“Mkinga!” alisema. “Umenenepa. Gereji inalipa.”

“Mungu anasaidia.”

Mkewe alileta chai. Aliweka kikombe changu chini kwanza, ndipo akanisalimia. Tulizungumza habari za Doha, minara iliyoongezeka, nani amekufa, nani amerudi. Saa nzima tulizunguka hivyo. Mwisho nikaweka kikombe chini.

“Kuna jambo la ile stika,” nilianza.

“Niliisoma,” alisema. “Asubuhi ile, kabla sijaanza kuhangaika na moto, nilikaa garini mlango uko wazi, sina cha kufanya. Nikaisoma. Ishirini, hamsini. Nikamkumbuka babu mwenye hina. Nikasema, ishirini si sifuri, wala si tano.” Alikunywa chai. “Mudiri alinijia hospitali akaniuliza, gari lilikuwa na nini? Nikasema, mwulize fundi, atakuambia.”

“Kwa nini hukumwambia mwenyewe?”

“Lilikuwa neno lako, si langu. Nilikungoja wodini. Nikakungoja uwanja wa ndege.”

Nilianza kusema kuhusu wadogo zangu, nikaacha katikati. Niliwahi kufikiria kwamba siku nikimwona nitampa kitu kikubwa, nitamwajiri, nitamjengea. Mbele ya kile kiatu maneno hayo hayakutoka, na nafikiri asingeyataka.

Alinyoosha kidole kuelekea kwenye bajaji.

“Haya. Umekuja, fanya kazi. Hii inataka oili gani?”

Injini ile naijua. Nimefungua za namna ile zaidi ya mia, ninaweza kuitenganisha nikiwa nimefumba macho, na jibu lilikuwa tayari mdomoni. Nililimeza.

“Kitabu chake kipo?” niliuliza.

“Kipo ndani,” alisema. Nilitaka kuinuka nikakichukue mimi, akanizuia kwa mkono. Akasimama mwenyewe kwa kushika ukuta, akaingia ndani akitembea kwa kisigino. Nilisikia kila hatua yake kwenye sakafu ya saruji, kwenda na kurudi, na ilichukua muda. Alirudi na kitabu ndani ya mfuko wa nailoni, akaniwekea mapajani, akaketi.

“Soma,” alisema. “Kwa sauti.”

Nikafunua, nikatafuta ukurasa, nikamsomea.